Nilijenga juu ya udongo mweusi: yaliyonikuta Kibaha

Kaunta buku langu la ujenzi lina kwaya tatu. Ukurasa wa kwanza umeandikwa kwa kalamu ya bluu, mwandiko wa mtu mwenye matumaini: "Vyumba vitatu, sebule, jiko, stoo. Bajeti milioni 35, pamoja na kiwanja." Ukurasa wa mwisho una jumla niliyoipiga mara tatu kwa kuwa sikuiamini: 61,840,000. Na humo makabati ya jikoni hayamo.

Kwenye jumla hiyo, milioni sita na ushee zilikwenda kubomoa na kurudia vitu nilivyokwisha kuvilipia. Saruji ikipanda bei unalalamika na nchi nzima, lakini hizi ni za kwangu peke yangu, na ndizo zinazoniuma. Mimi si fundi wala mhandisi. Ni muuguzi, nafanya kazi kwa zamu, na baba watoto yuko Mwanza kikazi, kwa hiyo ujenzi wote niliusimamia mimi. Nyumba iko Kibaha, ndani kidogo kutoka Barabara ya Morogoro, upande ambao ukipiga jembe mara mbili unakutana na udongo mweusi.

Kiwanja tulikinunua Agosti 2019, meta 20 kwa 30, kwa 5,500,000. Hapo naomba nijisifu kidogo maana sehemu za kujisifu ni chache. Nilikwenda serikali ya mtaa, nikaenda ofisi ya ardhi ya halmashauri kuhakikisha namba ya kiwanja, nikazihesabu bikoni zote nne kwa macho yangu na kuzishika kwa mkono. Karatasi nilizikagua kama ninavyokagua dozi ya mgonjwa. Udongo sikuuangalia.

Ulikuwa unajionyesha waziwazi. Kiangazi kilikuwa kimekolea na ardhi imepasuka nyufa ambazo kisigino cha kiatu kingezama. Nilimuuliza dalali, akacheka: "Jua tu hilo, mama, mvua ikinyesha zinaziba zenyewe." Alisema kweli tupu, na ndiyo ilikuwa shida yenyewe. Nyumba ya jirani ilikuwa na ufa ulioanzia kona ya dirisha ukapanda ngazi ngazi kufuata viungo vya tofali hadi juu. Nikajisemea huyu alipata fundi mbovu.

Baadaye mhandisi alinieleza kwa lugha ya kawaida. Udongo huu wa mfinyanzi mweusi, wengine wanauita udongo wa mbuga, unakunywa maji na kuvimba, kisha ukikauka unasinyaa. Nyumba iliyokaa juu yake inanyanyuliwa na kushushwa kila mwaka, tena si kwa usawa: upande wenye maji unapanda, upande mkavu unashuka, na ukuta wa tofali haujui kupinda. Kibaha ina maeneo mengi ya namna hii, na watu wamewahi kuufanyia utafiti wa kitaalamu udongo wake. Mimi niliishi Dar miaka kumi na mbili juu ya mchanga, nikadhani ardhi ni ardhi.

Kama unataka kununua kiwanja, nenda mwisho wa kiangazi ukaitazame ardhi ikiwa imekauka. Halafu mlipe kibarua akuchimbie shimo la kimo cha meta moja na nusu. Kwetu ni kazi ya 20,000 hadi 30,000. Chukua udongo wa chini kabisa, ulowanishe, uviringishe mkononi kama unavyoviringisha unga wa chapati. Ukitoka uzi mwembamba usiokatika, na ukiweza kuukunja kuwa pete, hapo una mfinyanzi, na kabla hujazungumza na fundi yeyote zungumza na mhandisi. Sisemi usinunue. Mimi nimejenga na ninalala humo. Ila bei ya msingi wako itakuwa nyingine, na ni bora uijue kabla hujalipia kiwanja, ukiwa bado na nafasi ya kumwambia muuzaji apunguze.

Msingi tulianza Julai 2020. Kibali cha ujenzi nilikuwa nacho, ramani nilinunua iliyokwisha chorwa. Mafundi watatu walinipa bei ya ufundi wa msingi: wa kwanza 1,200,000, wa pili 950,000, wa tatu 700,000. Nilimchukua wa tatu. Ukiniuliza kwa nini, sababu niliyojipa ni kwamba alikuwa mchangamfu na anafika mapema. Sababu ya kweli unaijua.

Yule wa milioni na laki mbili ndiye pekee aliyekanyaga kiwanja. Alitembea, akaokota bonge la udongo, akalivunja, akaniambia: "Dada, hapa futi mbili hazitoshi. Hapa lazima tushuke, na mkanda wa chini wenye nondo." Yaani zege linalozunguka msingi wote chini ya kuta. Nikaona anatafuta kazi kubwa ili alipwe hela kubwa. Nimemtafuta baadaye nimwombe radhi, namba yake haipatikani.

Mchangamfu wangu alichimba futi mbili, akalaza tofali, akapandisha kozi nne. Likaja swali la kujaza ndani kabla ya kumwaga jamvi, lile zege la sakafu. Kifusi cha moramu, ule udongo wa changarawe, kilikuwa laki mbili na nusu kwa lori na tulihitaji malori matano. Fundi akatazama rundo la udongo mweusi tuliouchimba kwenye mitaro, akasema kwa sauti ya mtu anayekupa zawadi: "Bosi, huu wote wa nini? Tunaurudisha ndani, tunashindilia, unaokoa hela." Nikafurahi. Kwenye kaunta buku nimeandika, na mstari chini yake nimepiga: "Kifusi – tumeokoa 1,250,000."

Mstari huo sijaufuta. Tuliuzika ndani ya nyumba ule ule udongo unaovimba, tukaufunika kwa zege.

Na zege lenyewe sasa. Siku ya kumwaga jamvi nilikuwa zamu ya mchana. Nilipofika saa kumi na moja jioni kazi imekwisha, sakafu inang'aa kwa maji, vibarua wanakula. Niliuliza mchanganyo, nikajibiwa "moja kwa mbili kwa nne, bosi, ndiyo standadi." Nilikuwa nimesoma mahali kwamba moja kwa mbili kwa nne ndiyo sawa, nikaridhika. Ilinichukua miaka kuelewa walichokuwa wakipima: mfuko mmoja wa saruji, *toroli* mbili za mchanga, *toroli* nne za kokoto. Mfuko wa kilo 50 ukiumimina ni kama lita 35. Toroli iliyosawazishwa ni lita 60 na kitu, na vibarua hawasawazishi, wanarundika. Kwa hiyo ile moja kwa mbili kwa nne ilikuwa karibu moja kwa nne kwa nane, na saruji imekuwa ya kunusia tu.

Kipimo cha kweli ni ndoo. Ndoo ya lita 20: kwa mfuko mmoja wa saruji, mchanga ndoo tatu na nusu, kokoto ndoo saba. Maji yasizidi ndoo moja na nusu, na mchanga ukiwa umelowa unapunguza hapo. Vibarua watakuambia zege ni gumu kumwaga, wanataka liwe uji. Kila lita ya maji unayowaongezea kwa huruma inapunguza nguvu ya zege. Siku hizi nawaambia wenzangu kazini: kama una siku tatu tu za kuwepo saiti katika ujenzi mzima, omba ruhusa siku ya zege la msingi, siku ya jamvi, na siku ya renta, ule mkanda wa zege unaopita juu ya milango na madirisha. Siku ya kupaka rangi baki kazini kwako.

Kumwagilia pia hatukumwagilia inavyotakiwa. Maji ya bomba hayakuwa yamefika, boza la lita 10,000 lilikuwa 90,000, na mimi nikaona haya ya kumwaga maji ya hela juu ya sakafu. Tulimwagilia siku mbili. Zinatakiwa saba, angalau, na asubuhi na jioni kama jua ni kali. Ukikosa maji, tandaza magunia yaliyolowa au nailoni juu yake ili unyevu usitoroke. Magunia hayana gharama ya kuzungumzia.

Jirani yangu upande wa magharibi ni mzee wa hapo hapo, amezaliwa Kibaha, nyumba yake ya zamani ni ya miti na udongo na haina ufa hata mmoja. Alikuja siku moja kutusalimia, akasimama ukingoni mwa msingi na fimbo yake. Nikamwamkia, akaitikia, akakaa kimya muda mrefu kisha akasema: "Mwanangu, udongo huu unapumua." Nikadhani ni maneno ya wazee. Nikamkaribisha soda.

Oktoba tukawa na hela ya kupandisha ukuta. Novemba 2020 saruji ikapanda ghafla nchi nzima na kuadimika, nadhani wengi mnakumbuka, na sisi tukasimama mpaka Februari. Kusimama kule kuna somo dogo: tofali nilizokuwa nimelipia mapema kwa mfyatuaji wa barabarani zilikaa juani miezi mitatu, na tulipozipakua nyingi zilikuwa zinamong'onyoka kona. Nilichukua moja nikaiachia kutoka kimo cha kiuno. Ikawa mchanga. Nikachukua nyingine, hivyo hivyo. Mfyatuaji alisema zimepigwa jua sana. Nilikaa kitako nikahesabu: kwa bei aliyoniuzia na bei ya saruji ya wakati ule, mfuko mmoja lazima alikuwa anatoa tofali za inchi sita zaidi ya hamsini, la sivyo angekula hasara. Zilizobaki tulifyatua wenyewe pale pale saiti, mfuko mmoja tofali 28, tukazimwagilia wiki nzima chini ya kivuli cha mwarobaini. Tofali moja ilitugharimu karibu shilingi mia mbili zaidi ya zile za barabarani. Hizo hadi leo ukipiga msumari unapinda.

Boma, yaani kuta kabla ya paa, lilijengwa na fundi mwingine. Mchangamfu wangu alichukua "ya kuanzia" laki tatu akaenda msibani, hajarudi. Namwombea heri. Huyu mpya ndiye aliyenifundisha kupima nondo. Nilikuwa nimeletewa nondo za milimita 12 kutoka duka moja la vifaa vya ujenzi, akazitazama tu, akaomba futi kamba na mzani wa kupimia mahindi. Nondo ya milimita 12 yenye urefu kamili wa meta 12 ina uzito wa kama kilo kumi na nusu. Yangu ilikuwa na kilo nane na robo, na urefu ulipungua karibu nusu meta. Nimelipia kumi na mbili, nimepewa nyembamba iliyopakwa jina. Tulizirudisha siku ile ile, mwenye duka akabadilisha bila ubishi, na kule kutobisha kwake kuliniambia mengi. Tangu hapo, mzigo wa nondo haushuki kwenye gari kabla sijapima mbili, moja ya juu na moja ya katikati.

Renta tuliifunga vizuri, nondo nne, ringi za kuzifunga pamoja kila inchi nane, kokoto za Lugoba. Kokoto ni suala jingine: za Lugoba ni ngumu na ni ghali zaidi, za Kunduchi ni za mawe ya chokaa, laini kuliko zile. Kwa zege linalobeba mzigo mimi sitaki nyingine ila za Lugoba. Renta ile, mhandisi aliniambia baadaye, ndiyo iliyoizuia nyumba isifunguke kama kitabu. Kwa hiyo si kila ukurasa wa kaunta buku ni wa kilio.

Masika ya 2021 ililikuta boma halijapauliwa. Kosa dogo: hatukufunika kozi ya juu. Maji yaliingia kwenye tofali kwa juu na kushuka ndani ya ukuta, tukaja kupiga lipu ukuta ukiwa na chumvi nyeupe. Ukisimama na boma, paka kozi ya juu mchanganyo mzito wa saruji, ufunike na nailoni. Basi.

Paa nililifanya 2022 kwa mkopo wa SACCOS ya kazini, 12,600,000, na hapo nilibishana na watu wote wa familia. Mdogo wangu alitaka paa la kuficha, lile ambalo ukuta unapanda juu na bati halionekani, kwa kuwa "ndiyo ya kisasa, dada." Nyumba tatu za mtaani kwetu zenye paa la kuficha, mbili zinavuja kila masika pale bati linapokutana na ukuta, na maji yake yote yanategemea bomba moja dogo lisizibwe na majani. Nikasema hapana. Nilipiga paa la kawaida la mgongo, bati la geji 28, na nikaongeza ukingo utokeze nje sentimita 70. (Geji namba ikipanda bati linapungua unene, geji 30 ni nyembamba kuliko 28. Mimi mwenyewe nilianza nikidhani kinyume chake.) Mbao za Mafinga zilizotiwa dawa, zile za kijani, na pale seremala alipokata niliwaambia wapake dawa tena sehemu iliyokatwa, maana mchwa hutafuta hapo hapo. Ubishi wangu ule wa paa ulikuwa sahihi, ila nilikosa kitu kimoja: gata, ule mfereji wa ukingoni mwa bati unaokinga maji ya mvua. Nikaona gata ni pambo, nitaweka baadaye.

Umalizaji sitausimulia sana. Kila aliyejenga anaujua, hela inayeyuka huku nyumba ikionekana ile ile. Nitasema mawili. Niliagiza madirisha ya aluminiamu kwa vipimo vya tundu kabla ya lipu, lipu ikala inchi pande zote, madirisha yakaja makubwa na ukuta ukatinduliwa. Pima baada ya lipu. Na swichi ya chumba changu iko nyuma ya mlango. Kila usiku naingia, nafunga mlango gizani, ndipo nawasha taa. Fundi umeme aliuliza mlango utafungukia wapi, nikamwambia atajua mwenyewe.

Tulihamia Januari 2023. Nilichinja kuku wawili.

Agosti mwaka ule ule, nikiwa napiga deki chumba cha watoto, niliona mstari mwembamba kwenye kona ya dirisha. Wa kalamu ya risasi hivi. Nilidhani ni watoto wamechora, nikausugua. Septemba ukucha wa kidole cha mtoto ungeweza kuingia. Kona ile ni ya mashariki, ile inayoutazama mwarobaini, mti tuliouacha kwa ajili ya kivuli na ambao mizizi yake kiangazi kizima ilikuwa inafyonza maji chini ya msingi wangu. Niliita fundi, akachimbua ule ufa, akaujaza saruji, akapaka rangi: 60,000. "Nyumba inakaa tu, mama. Kawaida."

Oktoba zikaanza zile mvua za El Niño. Mliokuwa Pwani mwisho wa 2023 mnazikumbuka. Maji kutoka kwenye bati langu bila gata yalianguka moja kwa moja kando ya ukuta, yakachimba mfereji, yakatuama. Ufa wa kona ya mashariki ukafunga. Kweli, ukafunga, ile saruji ya fundi ikabanduka kwa kubanwa na kuanguka sakafuni vipande. Nikakumbuka dalali. Kisha upande wa pili wa nyumba, kwenye korido na bafu, marumaru zikaanza kunyanyuka katikati kama mkate unaoumuka. Mlango wa chumba cha watoto ukagoma kufunguka. Usiku nililala nikisikiliza: marumaru ikipasuka ina sauti ya kijiti kikavu, moja tu, halafu kimya. Nilikuwa nahesabu. Ukikaa na deni la SACCOS la miaka minne na ukasikia sauti ile saa nane za usiku, sali kama una dini.

Niliona aibu kumwambia mume wangu kwenye simu. Wiki tatu nzima nilimwambia tuko salama. Alikuja Krismasi, akafungua mlango wa korido, akasimama pale akitazama sakafu, hakusema neno. Sikuwahi kumshukuru kwa ukimya ule.

Januari 2024 ndipo nilipomtafuta mhandisi aliyesajiliwa na bodi yao. Alichukua 350,000 kwa kuja mara mbili na kuandika karatasi tatu. Nilidhani ni ghali. Ukiangalia kaunta buku, ni miongoni mwa hela ndogo nilizolipa mwaka ule. Aliutazama ufa wa mashariki: mpana juu, mwembamba chini. "Kona inashuka," akasema. Akaomba kuvunja marumaru mbili za korido, akachimba, akatoa kiganja cha udongo mweusi uliolowa chepechepe. "Huu mliuleta kutoka wapi?" Nikamwambia ulikuwepo hapa hapa. Akacheka, nami nikacheka, maana kulia nilishamaliza.

Shimo la maji ya bafuni lilikuwa meta mbili tu kutoka ukutani, upande uleule wa korido, likinywesha udongo masika na kiangazi. Kwa hiyo nyumba yangu ilikuwa na upande mmoja unaonyweshwa mwaka mzima na upande mwingine unaonyonywa na mti. Alisema jambo moja ambalo nalirudia kwa kila anayeniuliza: udongo huu hauna tabu ukikaa mkavu daima au ukikaa na unyevu ule ule daima, kinachovunja nyumba ni kubadilikabadilika.

Alitushauri tusishike nyundo kabla ya masika kuisha, tukaanza Julai. Kona ya mashariki tulichimba chini ya msingi vipande vipande, kipande cha meta moja, tunaruka kimoja, tunamwaga zege hadi kina cha meta 1.6, kikikauka ndipo tunarudi kwenye kile tulichoruka: 1,480,000. Usikubali mtu akuchimbie kona nzima kwa mkupuo, nyumba itakuja chini na fundi ndani. Sakafu ya korido, bafu na chumba cha watoto ilivunjwa, udongo mweusi ukatolewa kwa toroli siku sita, ikaingia moramu iliyoshindiliwa kila inchi sita, nailoni, kisha zege la ndoo, nikiwepo: 2,150,000 pamoja na marumaru. Zege la upana wa meta moja kuzunguka nyumba yote, limeinama kutazama nje, ili mvua isiuguse udongo wa kando ya msingi: 1,260,000. Gata na tangi la kukusanyia maji, 780,000. Kuhamisha maji ya bafuni hadi mwisho wa kiwanja, mabomba na shimo jipya, 320,000. Ukijumlisha na mhandisi unapata 6,340,000. Tofauti ya ufundi kati ya yule wa kwanza na mchangamfu wangu ilikuwa laki tano, na ile moramu niliyoikwepa 1,250,000. Mkanda wa chini, nondo zake na kina cha ziada nimeambiwa vingekula milioni mbili hadi mbili na nusu kwa bei za wakati ule. Jumlisha mwenyewe.

Mwarobaini hatukuukata. Nilitaka, nilishampata mwenye msumeno, lakini mhandisi alikataa: mti mkubwa ukiutoa kwa mara moja, maji uliyokuwa unakunywa yanabaki ardhini na udongo utavimba upande ule. Tunaupunguza matawi kila mwaka kabla ya kiangazi. Mzee jirani anakuja kuchukua majani yake ya dawa.

Juu ya ufa, baada ya kuuziba kwa nondo fupi fupi zilizopitishwa kwenye ukuta na saruji mpya, mhandisi alibandika vipande viwili vya kioo chembamba, kimoja juu na kimoja chini, kila kimoja na tarehe iliyoandikwa kwa kalamu ya wino mzito. Ukuta ukisogea, kioo kinapasuka kabla jicho halijaona kitu. Cha chini kilipasuka Oktoba 2024. Nilimpigia simu nikiwa natetemeka, akaniambia nibandike kingine nisubiri. Nilikibandika mwenyewe kwa gundi ya dukani, nikaandika tarehe. Vuli ile ikapita, masika ikapita, kiangazi kikaja na ardhi ya nje ikapasuka kama kawaida yake. Kila nikitoka zamu ya usiku nakitazama kabla sijavua viatu. Bado ni kizima.